Asifunikwe

Kumbandika mtu nyaya kichwani ni kazi ya asubuhi nzima. Mimi nilidhani wanapachika tu kama vibanio vya nguo, kumbe wapi. Mtaalamu wa mashine aliingia na kigari chake, akamkalisha dada kwenye stuli, akatoa futi ya kupimia, ile ile laini tunayotumia sisi dukani, akaanza kumpima kichwa. Kutoka juu ya pua mpaka kisogoni. Kutoka sikio mpaka sikio. Kila akipima anaweka alama kwa kalamu nyekundu, anasugua hapo na pamba, anatia gundi, anabandika waya, anaukausha kwa hewa ya moto.

Dada alikuwa anamfuatilia kwa pembe ya jicho. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule na magauni, na mtaa mzima wanamwita Fundi. Mtu akishika futi mbele yake, hawezi kunyamaza.

"Umeacha nafasi ya mshono?" akamuuliza.

Mtaalamu akacheka. "Hapa hatushoni, dada. Tunachukua vipimo tu."

"Ndiyo nakuuliza sasa. Mimi nikikosea vipimo, mteja gauni linambana kwapani. Wewe ukikosea, mimi itanibana wapi?"

"Usinichekeshe, waya zitahama."

Mama hakucheka. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, kapu mapajani, shuka lake la bluu begani, anaangalia kichwa cha mwanawe kinavyojaa nyaya. Walipomaliza wakakizungushia bandeji nyeupe, nyaya zote zikakusanyika nyuma kama mkia, zikaingia kwenye kijisanduku, na kutoka hapo zikaenda ukutani. Juu ya ukuta, mkabala na kitanda, palikuwa na kamera yenye taa ndogo ya kijani.

Dada ana kifafa. Nalisema neno lenyewe kwa sababu nyumbani kwetu lilikuwa halisemwi. Tulikuwa tunasema "ile hali". Hali imemjia, hali imeondoka, wiki hii hali imetulia. Alipokuwa mchanga alipata homa kali, akawa anakakamaa, homa ikaisha na sisi tukajua yameisha. Alipoanza shule ndipo hali ikaja yenyewe, bila homa. Dawa amemeza za kila rangi. Zilipunguza, hazikumaliza.

Halafu tukampata daktari huyu wa hospitali kuu, daktari wa kupasua ubongo. Ni mtu wa taratibu, anayeongea kama anamsomesha mtu kuandika. Alimwingiza dada kwenye ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, akatuonyesha: upande wa kulia, ndani, nyuma kidogo ya sikio, kuna kovu dogo kama punje ya maharage. Akasema kama kifafa kinaanzia kwenye kovu hilo, na si mahali pengine popote, anaweza kulitoa. Lakini kovu kuwepo si ushahidi kwamba ndilo lenye makosa. Lazima dada alazwe, apunguziwe dawa, kifafa kije chenyewe, na kikija kionekane mara mbili: nyaya zionyeshe ndani, kamera ionyeshe nje.

Yaani tulikwenda hospitali kungojea kile ambacho maisha yetu yote tulikuwa tunaomba kisije.

Muuguzi wa chumba kile alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, anatembea kama anakagua mistari ya wanafunzi. Dada alimpachika jina la Hedimasta siku hiyo hiyo. Hedimasta alinipa kitufe chenye waya, akasema ukiona imeanza tu, bonyeza. Akasema ataingia yeye, atamwita, atamwambia ainue mikono, atampa neno la kukumbuka. Akatukataza kusimama kati ya kitanda na kamera. Shuka la kitanda mwisho wake kiunoni.

"Na asifunikwe," akasema, anamtazama Mama. "Nataka uso, nataka mikono, nataka miguu."

"Nimesikia," Mama akasema.

Na kweli alisikia. Ila kuna mambo ambayo masikio yakisikia, mikono haina habari.

Mara ya kwanza hali kumkuta dada mbele za watu ilikuwa shuleni, wamepanga mstari. Alianguka, gauni likapanda, mkojo ukamtoka. Watoto wakamzunguka. Walimu nao wakazunguka, maana walikuwa hawajui la kufanya. Mama alikuwa jirani na shule siku hiyo, akaitwa, akapenya katikati yao, akavua shuka begani na kumfunika kichwa mpaka miguu. Basi. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa desturi ya nyumba yetu. Wa kwanza kuona anapiga kelele, "Shuka!" kama wengine wanavyopiga kelele za moto. Mama anafunika. Mimi naingiza mikono chini ya shuka, namlaza kwa ubavu, natoa kila kigumu kilicho karibu. Tunatazama pembeni mpaka nguo iache kutikisika. Tulikuwa tunaona hiyo ndiyo heshima yake.

Mimi ndiye niliyekuwa naona mwanzo kuliko wote, maana nilipomaliza darasa la saba haikuulizwa nitafanya nini. Nilikaa dukani na dada. Yeye anashona, mimi natia vifungo na kumwangalia. Pasi simwachii, mkasi mkubwa nauweka mbali akichoka. Akienda bafuni nasimama nje. Mtaani wananiita Kivuli. Sikulichukia jina hilo. Mtu lazima awe na kazi, na mimi yangu nilikuwa naijua.

Siku zikapita pale hospitali, hakuna kitu. Dawa zimepunguzwa, dada analala vibaya, kichwa kinamwasha chini ya bandeji, na hali haiji.

"Nyumbani akija mgeni wa heshima inanijia mbio," dada akasema. "Hapa imeona kamera, imeingia haya."

Hedimasta akatukumbusha kwamba kitanda kina foleni. Ijumaa ndiyo mwisho wetu, Jumamosi anaingia mtu mwingine, na foleni ya kurudi ni ndefu kuliko tuliyopanga kwanza. Dada akaacha utani. Nikamwona anaitazama ile taa ya kijani kama mtu anayemngoja mdeni.

Ilikuja asubuhi tukinywa chai. Aliweka kikombe, akashika tumbo. "Kivuli," akasema, "inapanda."

Nikabonyeza. Macho yake yalikuwa yameshatutoka, yamekwama kwenye kona ya chumba. Nikageuka kumwambia Mama atulie, nikakuta hayupo kitini. Yupo kitandani. Shuka la bluu limeshamfunika dada na kichwa chake na nyaya zake zote, na Mama mwenyewe amemwinamia juu, mgongo wote umeelekea kamera.

Hedimasta aliingia mbio. "Mama, ondoka hapo! Mfunue!"

"Subiri amalize!"

"Anapumuaje humo ndani? Mama!"

"Subiri amalize kwanza, jamani!"

Siku hiyo hali yenyewe haikuwa ndogo. Dada alikakamaa mwili mzima, akatikisika. Hedimasta alipolivuta shuka, nyaya zikaja nalo, zinaning'inia na vipande vya gundi.

Daktari alikuja baadaye. Hakugomba. Alivuta kiti akakaa, akasema tumepata mwanzo kidogo sana, halafu mistari yote ikawa fujo ya nyaya zilizong'oka. "Na kwenye kamera nina mgongo wa mama na shuka. Shuka nimelipata vizuri sana." Alijaribu kutabasamu, akaona Mama hatabasamu, akaacha. "Nisipoona mikono na uso, sijui kinatokea wapi. Na mimi sikati kwa kubahatisha. Nikikosa hapa, tunamrudisha nyumbani na dawa zake."

Dada alizinduka ameuuma ulimi, kichwa kinamgonga. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Wamepata?"

Mama akaanza kukunja shuka. Hedimasta akasoma kipimajoto alichokuwa ameshakisoma. Ikabidi nimwambie mimi.

Akageukia ukutani, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema bila kugeuka, "Mama, nenda nyumbani."

"Siendi."

"Kivuli yupo. Nenda kapumzike."

"Mimi sikuja hapa kupumzika." Mama akalishika shuka kwa mikono miwili. "Mimi nilikukuta umelala vumbini, watu wazima na akili zao wanakutazama kama sinema. Mimi, si mwingine. Sasa unataka nikae kitini nikutazame unarekodiwa, wakakuweke huko kwenye mashine zao, watazame leo, watazame mwakani?"

"Wale walikuwa wanatafuta cha kuchekea. Hawa wanatafuta pa kunitibu."

"Mikono yangu haijui kuchagua."

"Basi ndiyo maana nasema nenda." Sasa akageuka. Upande mmoja wa bandeji ulikuwa umelegea, umemshukia jichoni, na angekuwa mtu mwingine ningecheka. "Mama, watoto niliowashonea sare za darasa la kwanza sasa wananiletea watoto wao niwapime. Na mimi bado naoga mlango wazi. Kivuli amesimama nje anasikiliza maji. Nikitulia kidogo tu, 'Dada! Dada!' Siku moja nilikuwa natafuta sabuni, basi, sabuni, akaingia na mtu wa duka la jirani. Mimi nataka nioge mpaka nichoke mwenyewe. Hicho tu. Sitaki kwenda mwezini."

Mama akalikunjua shuka, akalikunja upya. Hakwenda nyumbani.

Simu ikalia, alikuwa mama mdogo. Huyo hata usipoweka kipaza sauti chumba kizima kinamsikia. "Eti mnamrekodi? Halafu wampasue kichwa kama tikiti? Na wakikosea wakachomoa akili, mtasemaje?"

Dada akanyoosha mkono akaichukua simu. "Shikamoo mama mdogo. Wakichomoa akili nitahamia kwako, tutakuwa tumelingana."

Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa. Hata Mama mdomo ulimcheza. Lakini simu ilipokatwa, dada akageukia ukutani tena.

Jioni nilikwenda kuosha vikombe kwenye sinki la mwisho wa korido. Mama akanifuata. Alifungua bomba la pili, akaosha mikono ambayo ilikuwa safi.

"Wewe huwa unamwona anavyofanya?"

"Mwanzo tu, Mama. Ukishafunika sioni."

"Mimi sijawahi." Maji yalikuwa yanamwagika tu. "Nikishamfunika nafumba macho. Miaka yote hiyo sijui mwanangu anakuwaje humo ndani. Kichwani mwangu anakuwa vile vile alivyokuwa siku ile, na wale watu wamemzunguka." Akafunga bomba. "Ikija tena, nishike."

"Nikushike?"

"Nishike mikono. Usiniulize, usinibembeleze, usiniite Mama. Nishike kwa nguvu. Nikikutukana utanisamehe."

Ijumaa ikaingia. Nyaya zilikuwa zimebandikwa upya, mtaalamu wa mashine safari hii hakufanya utani. Mtu wa kukichukua kitanda chetu Jumamosi alikuwa ameshafika kutoka mbali, yuko kwenye benchi la korido na begi lake kati ya miguu. Kila mlango ukifunguliwa tunamwona, na yeye anatuona. Ana haki yake, lakini nilitamani benchi liwekwe kwingine.

Mchana dada alianza kutuhadithia habari za mteja mmoja, mama wa maneno mengi, aliyeleta gauni analodai limefupishwa. Nadhani alikuwa anahadithia ili asiangalie saa.

"Ananiambia, Fundi umeniibia kitambaa. Nikamwambia, mama, kitambaa ni kile kile, ila wewe tangu—"

Akanyamaza.

Nilibonyeza kitufe nikakitupa kitandani. Mama alikuwa ameshainuka. Nikamshika vifundo vya mikono yote miwili. Sikuwahi kumshika mama yangu namna hiyo, na sikujua ana nguvu kiasi kile. Mikono yake imefua nguo za watu maisha yote. Alinivuta, nikamvuta. Shuka likamdondoka begani, tukalikanyaga.

"Niache."

Nikakaza.

"Niache wewe mtoto, mwenzio anaumbuka!"

Hedimasta akaingia, akasimama upande ule asiozuia kamera. "Fundi, unanisikia? Inua mikono yako. Fundi, shika neno hili: daraja. Daraja."

Dada alikuwa ameketi vile vile alivyokuwa anahadithia. Macho yako wazi, mwenyewe hayupo. Midomo yake ikaanza kucheza, kama mtu anayeonja mchuzi kujua chumvi. Mkono wa kushoto ukajikunja kwenye kifundo, ukakakamaa hewani, kama amebeba sahani isiyoonekana. Na mkono wa kulia, kidole na dole gumba, ukashika ukingo wa shuka la kitanda. Ukabana, ukainua, ukasogea mbele. Ukabana, ukainua, ukasogea mbele.

Mama aliacha kunivuta.

"Anashona," akasema kwa sauti ya chini. "Mtazame. Anashona."

Sikulegeza mikono yangu, maana nilikuwa nimeambiwa nishike kwa nguvu. Lakini ile ya Mama ilikuwa imelala ndani ya yangu kama mikono ya mtu aliyesinzia. Tukatazama wote mpaka mwisho. Haikuwa ndefu kama nilivyodhani. Chini ya shuka siku zote ilikuwa ndefu. Mkono wa kushoto ukashuka polepole, wa kulia ukafuta pua, dada akashusha pumzi na kututazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeamshwa kwenye basi akakuta ni kituo kigeni.

"Nilikupa neno gani?" Hedimasta akamuuliza.

Dada akamtazama muda. "Neno gani?"

"Haya, usijali."

"Mmepata?"

Hedimasta akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Tumepata, Fundi. Kuanzia unyayo mpaka bandeji."

Dada akafumba macho. "Yule mama wa gauni," akasema, "nilimwambiaje?"

Jioni ile ile, kabla hatujaitwa kula, ikaja nyingine, ndugu ya ile ya mchana: mkono ule ule juu, mkono ule ule unashona. Safari hii sikumshika Mama. Alikaa kitini, vidole amevifumbata mapajani, akatazama.

Baada ya wiki kadhaa daktari alituita chumbani kwake. Akasema wamekaa pamoja madaktari wote, wamesoma mistari ya nyaya, wametazama kamera, wamelinganisha na picha, na vyote vinasema jambo moja. Kinaanzia kulia, kwenye kovu. Kisha akaeleza yaliyobaki bila kuyapaka sukari. Wengi wa aina ya dada wanaachana na kifafa kabisa. Wengine kinapungua tu. Wachache hakibadiliki. Na wapo, si wengi, ambao upasuaji wenyewe unawaumiza: jicho linapoteza kona, mkono unalegea, kumbukumbu inapungua makali. Dawa ataendelea kumeza hata mambo yakienda vizuri. Akasema achukue muda.

"Nataka kuona kwanza," dada akasema.

"Kuona nini?"

"Mimi. Si mlinirekodi? Watu wote wameniona isipokuwa mimi."

Daktari akamtazama Mama.

"Usimtazame Mama, daktari. Mtazame mwenye kichwa."

Akageuza kioo cha kompyuta kuelekea upande wetu. Mimi nilimtazama dada, sikutazama kioo. Alikaza uso ule ule anaokazia kitambaa cha mteja kukitafuta kasoro. Ilipoisha akasema, "Rudisha." Ikarudiwa. "Simamisha hapo kwenye mkono." Ikasimamishwa.

"Nilidhani nakuwa mnyama," akasema hatimaye. Hakuwa anamwambia mtu. "Nilidhani napiga mayowe, naruka huku na huku. Nikizinduka kila mtu ametazama pembeni, hakuna anayenikazia macho, nikawa najua tu nimefanya kitu kibaya sana. Na wala siwezi kuuliza." Akasogea karibu na kioo. "Kumbe nakaa tu, nashona. Tena ona, pindo lenyewe limepinda."

Mama akainama naye kutazama. "Kweli," akasema. "Limepinda."

"Zile kubwa za kuanguka zipo, Fundi," daktari akasema. "Hiyo siyo yote."

"Najua, daktari. Lakini mwanzo wake ni huo, si ndiyo? Nikatie hapo hapo mwanzo."

Akatia sahihi mwenyewe. Mama hakuombwa, na hakuulizia.

Siku ya upasuaji walimnyoa upande mmoja. Alijishika pale penye upara akasema sasa ni kama nguo ya majaribio, mkono mmoja upo, mwingine bado. Kisha wakampitisha mlango unaofunguka wenyewe, na sisi tukabaki kwenye benchi. Mama mdogo alikuja, akakaa nasi kutwa nzima bila kusema kitu. Sikujua kama anaweza. Mama hakuomba kwa sauti, hakulia. Mara moja tu aliniuliza, "Wewe akipona utafanya nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi pia." Tukarudi kutazama mlango.

Daktari alitoka na alama ya kofia imemkaa kwenye paji. Akasema wamelitoa kovu na kipande kilicholizunguka, na dada ameshaitikia jina lake.

Sitadanganya kwamba alitoka mule kama malaika. Uso ulimvimba jicho likafungika. Taya halikufunguka vizuri, alikunywa uji kwa mrija. Aliumwa kichwa, alitapika, na kwa muda alikuwa mkali, unamwekea mto anakuuliza unaweka wa nini. Hata leo, upande wa kushoto, kona ya juu, haoni sawasawa. Mlango wa kabati la juu ukiachwa wazi, unamgonga. Dawa anameza. Daktari hasemi amepona. Anasema tuendelee kuhesabu siku njema, tukutane tena.

Lakini hali haijamjia. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, haijamjia, na cherehani ikaanza kulia tena dukani.

Tuliobaki wagonjwa tulikuwa sisi. Dada akinyamaza kidogo tu, akitazama barabarani, akisita na sindano mkononi, mimi naacha kifungo na Mama anatokea mlangoni. Akaja juu siku moja. "Mnanikodolea kama maziwa jikoni! Nikitaka kuwaza niende wapi, chooni?"

Tukasema tumekoma. Hatukuwa tumekoma.

Juzi mteja alileta kitambaa kizuri, kizito, cha maua makubwa, anataka gauni la mikono mirefu. Dada alikitandaza mezani, akakipima, akakipima tena. Akashika mkasi. Kisha akasimama.

Alisimama pale mkasi uko wazi juu ya kitambaa, macho yamekaa mahali pamoja. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni. Nikangoja apepese. Nje pikipiki ikapita, hakugeuka. Midomo yake ikacheza kidogo.

Nikaweka sindano chini. Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo, sijui alifika saa ngapi. Aliniangalia, na mimi nikamwangalia. Neno "Dada" lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Ningelisema, kama haipo angekasirika, na kama ipo lisingesaidia kitu. Nilijua hivyo, na bado kulizuia ilikuwa kama kuzuia chafya. Nikatikisa kichwa: hapana. Mama akakaa na beseni lake pale pale mlangoni.

Tukamwacha.

"Hakitoshi," dada akasema, macho bado mezani. "Maua yakikaa sawa kifuani, mikono mirefu haipatikani. Mikono ikipatikana, maua yanakatika vichwa." Akainua uso, akatukuta wote wawili tumemsimamia. "Mnaonaje? Nikimkatia mikono mifupi atapiga kelele?"

"Atapiga," Mama akasema. Akaliweka beseni chini. "Yule atapiga tu, hata ukimpa mirefu."

"Basi apige," dada akasema, na akakata.